Kipa Niliyempigia Debe

Jamani, kuna aibu ambayo mtu huisimulia watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kuna nyingine ambayo watu huanza kucheka halafu katikati wanaacha, wanaangalia vikombe vyao vya chai, na hii yangu ni ya aina hiyo ya pili, kwa hivyo mkifika mahali pa kuacha kucheka msijali, nimezoea. Hata mzee wangu, yaani mume wangu, ambaye hakuna ujinga wangu asioujua, huu hautaji. Ukitaka kumwona akiinuka mezani kwenda kuangalia kama gari limefungwa, mtajie hoki.

Ndiyo, hoki, ile ya barafuni. Najua mnajiuliza mwanamke aliyelelewa Kitale, mahindi mbele mahindi nyuma, alifikaje huko. Ni Ian, kijana wetu. Tulipohamia Bowie, huku Marekani, alikuwa mdogo, jirani akamchukua siku moja pamoja na mtoto wake kwenda kuteleza, na mtoto akarudi nyumbani na ile sura ya mtu aliyeokoka, na tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikaisha. Mimi nafanya kazi ya kuangalia wazee, nikitoka zamu naenda moja kwa moja uwanjani na sweta mbili, naketi kwenye benchi la chuma, natazama watoto wakikimbizana na kisahani cheusi cha mpira (wenyewe wanakiita pak) ambacho kwa mwaka mzima wa kwanza sikuwahi kukiona kwa macho yangu, nilikuwa napiga makofi wengine wakipiga.

Lakini mtu hujifunza, na akishajifunza kidogo huyo ndiye mtu hatari kabisa. Nikaanza kujua beki mzuri ni yupi, kipa anayetoka mapema ni yupi, nikaanza kubishana na akina baba wa Kizungu pale kwenye benchi, na nikaona wananisikiliza, na (wacha niseme ukweli) nikapenda sana kusikilizwa. Ukikaa siku nzima ukigeuza wagonjwa na kuitwa "mpenzi" na familia zisizokujua jina, halafu mtu akuulize kwa heshima, "Mama Ian, wewe unaonaje ulinzi wetu?", jameni, utavimba.

Basi majira ya baridi yale klabu ya kina Ian ikaandaa mashindano ya kimataifa ya vijana wa chini ya miaka kumi na sita, timu zikaja kutoka Ufini, Uswidi, Slovakia, Kanada, zote kwenye uwanja mmoja wa barafu si mbali na College Park, na hewa ilikuwa ile isiyo mvua wala theluji, inakupiga usoni kama mchanga. Kila timu ilitakiwa kutoa mtu mzima mmoja wa kukaa kwenye kamati ya kuchagua kikosi cha nyota wa mashindano, yaani wachezaji sita tu kutoka timu zote: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Wazazi wenzangu wakaangaliana. Nikainua mkono kabla swali halijaisha.

Siku ya kwanza ya mashindano, nikiwa maegeshoni natafuta glavu zangu, nikasikia nyuma yangu, "Josué! Funga koti! Weye hauone baridi?" Nikageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Alikuwa mama mmoja mfupi, kilemba cha kitenge juu ya koti zito la theluji, akimkimbiza kijana mrefu aliyebeba mfuko wa vifaa mkubwa kumshinda yeye mwenyewe. Nikamwambia, "Shikamoo mama, unasema Kiswahili?" (shikamoo ilinitoka tu kwa furaha, tuko rika moja). Akaweka mikono kifuani. "Yesu wangu. Mu Amerika hii?"

Huyo ndiye Mama Josué. Mtu wa Bukavu, sasa anaishi Kanada, kazi yake ni kufanya usafi hospitalini, na amekuja kwa basi, safari ya usiku na mchana, kumwona mtoto wake akicheza. Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Vijana walilala hotelini na timu yao, lakini yeye alikuwa amepanga chumba mahali pabaya huko barabara kuu, na mimi nikasema haiwezekani, utakuja kwangu, nikamchukua na begi lake siku hiyohiyo. Mzee wangu akamwachia chumba cha chini chenye joto. Huo ulikuwa wema, na mpaka leo nasema ulikuwa wema, sitaki mtu aniambie ndipo nilipokosea.

Nilipokosea ni jikoni, jioni ya pili. Tunamenya viazi, tunaongea mambo ya kanisa, ya nywele, ya watoto wasiojibu Kiswahili (Josué wake alijibu kila kitu kwa Kifaransa, Ian wangu kwa Kiingereza, tukawacheka), na mimi nikauliza kama unavyouliza, "Na Papa Josué, yeye hakuweza kuja?"

Kisu chake kikasimama.

"Alishatuacha, mama. Mwaka jana."

"Pole sana."

"Ikakuwa vile. Tulibakia mimi na mtoto na Mungu." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Josué hasemake juu ya baba yake. Tafazali, usimuulize."

Sasa ninyi mnajua, kwetu mtu akikuambia mumewe amewaacha, sauti ikiwa imeshuka hivyo na machozi hapohapo, hujiulizi mara mbili, unainamisha kichwa, na kuuliza alikuwa anaumwa nini ni ukosefu wa adabu. Nikamshika bega. Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Akasema ni Mungu tu. Kila neno tulilosema lilikubaliana na lile nililofikiria, hakuna hata moja lililoning'ata sikio. Na kwa vile moyo ulikuwa umenijaa huruma, nikaongeza la kwangu: "Lakini mtoto wako ni kipa hatari. Kwenye kikosi cha nyota ataingia. Hilo niachie mimi."

Na kweli Josué alikuwa kipa. Timu yao ilikuwa dhaifu, mabeki wanapitwa kama mlango wa kanisa, na yeye peke yake golini anakula mashuti yote, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Alikuwa na utulivu ambao ulinisumbua kidogo, kwa mtoto wa umri ule. Akifungwa hapigi fimbo chini kama wenzake. Anaokota chupa yake, anakunywa maji, anarudi kuinama.

Kamati ilikutana mchana wa siku ya mwisho, katika chumba kidogo juu ya uwanja, mwenyekiti akiwa Mzee Walter, mwalimu mstaafu mwenye sauti laini ambaye alikuwa anapuliza kahawa yake kila mara hata ilipopoa. Mabeki na washambuliaji tuliwamaliza bila ugomvi mkubwa. Tukabaki na kipa, na hapo meza ikagawanyika. Upande mmoja yuko Pekka, kocha msaidizi wa Wafini, mtu mkubwa asiyetabasamu, ambaye alimtaka kipa wa Uswidi (kumtetea wa kwake hakuruhusiwa), na upande mwingine niko mimi na Josué wangu. Na sheria ilikuwa kwamba mchezaji wa timu yako akijadiliwa, unatoka nje. Kwa hiyo yule mama aliyewakilisha timu ya Josué, mtu pekee katika kamati ile ambaye angeweza kunizuia kwa neno moja, alikuwa amesimama kwenye korido akila biskuti.

"Huyu Mswidi amefungwa mara chache kuliko wote," Pekka akasema.

"Kwa sababu hapigiwi!" nikamjibu. "Ukiweka kiti golini kwa Waswidi hakitafungwa. Mtoto huyu mwingine anapigiwa mpaka unamwonea huruma."

"Na lile goli la jana? Limetoka katikati ya uwanja. Polepole. Bibi yangu angelizuia."

Watu wakacheka. Ni kweli, goli lile lilikuwa la ajabu, pak ilijivuta yenyewe kama konokono na Josué akaitazama ikipita, kama mtu aliyekuwa mahali pengine.

"Alikuwa amelala," Pekka akasema. "Kipa nyota halali."

Mzee Walter akahesabu mikono, ikawa sawa kwa sawa. Ningeweza kunyamaza hapo. Ningeweza kusema habari ya mashuti, ya mabeki, nilikuwa na maneno ya hoki ya kutosha. Lakini nilimwona Pekka anatabasamu kwa mara ya kwanza, nikaona nashindwa mbele ya watu, nikakumbuka ile ahadi ya jikoni, nikasimama (nilisimama, fikiria, chumba cha watu wachache) nikawaambia kwa Kiingereza changu cha wodini, "Hakuwa amelala. Mtoto huyo baba yake amefariki. Mwaka jana tu. Anacheza na msiba moyoni, hasemi na mtu, na ninyi mnamcheka."

Pekka akavua kofia yake, akaitazama, akasema polepole kwamba na yeye alimzika baba yake akiwa na umri ule. Akainua mkono. Wengine wakafuata. Nikaketi nikiwa na machozi ya kweli machoni na, Mungu anisamehe, na raha ya ushindi kifuani, vyote viwili kwa pamoja. Mzee Walter alikuwa anaandika kitu, nikadhani anaandika jina.

Baada ya fainali wakapanga timu zote kwenye barafu, wakazima taa za pembeni. Nilikuwa nimemkalisha Mama Josué safu ya mbele kabisa, nimemfunika miguu na blanketi la Ian, nimemwambia tu, "Subiri, kuna kitu utaona." Mzee wangu yuko kando na simu tayari ya kupiga video. Wakaita mabeki. Wakaita washambuliaji. Kisha mtangazaji akapunguza sauti, akasema kwamba kipa wa kikosi cha nyota ni Josué, aliyecheza mashindano haya yote kwa ujasiri kwa kumbukumbu ya marehemu baba yake, na akaomba uwanja mzima usimame kimya kumkumbuka baba huyo.

Watu wakasimama, uwanja mzima, kofia zikavuliwa. Kimya cha uwanja wa barafu si kama kimya kingine, unasikia mashine za baridi zikinguruma chini ya miguu yako. Na mimi, mjinga mimi, nilichofikiria ni, ai, Mzee Walter, hilo ni wazo zuri.

Mama Josué akanivuta mkono. "Juu ya nini banasimama?"

Nikamnong'oneza, "Wanamkumbuka baba yake."

"Baba ya nani?"

"Baba yake Josué."

Akanitazama. Nikaona uso wake unabadilika, lakini haukubadilika kuwa ule niliousubiri. "Banamukumbuka namna gani? Kumefanyika nini?"

Ndipo kukasikika kelele ya vifaa. Tukageuka. Josué alikuwa amepiga magoti katikati ya barafu na zile pedi zake kubwa za kipa, fimbo imemtoka, ameshika kile chuma cha usoni kwa mikono miwili anajaribu kukivua na hakivuki. Hakuwa analia. Alikuwa anatoa sauti moja tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka namna ya kuvuta pumzi.

"Alikufa?" Mama Josué akapiga yowe. "Alikufa? Banakupigia simu weye? Juu ya nini haukuniambia, mama, juu ya nini unaniambia hapa!"

"Si wewe uliniambia?" nikasema. "Jikoni. Ulisema alituacha."

"Alituacha! Alienda! Alibeba sanduku akaenda kwa mwanamke!" Akanishika koti mbele kwa mikono miwili, akanitikisa, halafu akaacha kunitikisa, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Basi, alikufa ao hakufa?"

Na mimi nikagundua kwamba sijui. Mwanamume huyo nilimuua mwenyewe mezani ili nimshinde Pekka, lakini hapo nilipo, mbele ya mkewe, sikuwa na njia ya kusema ni mzima. Hata yeye hakuwa nayo. Alikuwa hajamsikia mwaka mzima.

Nilifanya kile ambacho mtu asiyefikiri hufanya. Nikafungua kile kimlango kidogo cha ukutani nikaingia kwenye barafu na viatu vyangu vya kanisani. Kocha mmoja akapiga kelele nirudi. Hatua chache tu, miguu ikaenda mbele mimi nikabaki nyuma, nikaanguka kwa makalio mbele ya Wafini, Waswidi, Waslovakia na kanisa zima la Riverdale Park ambalo nilikuwa nimelialika nikilijulisha kwamba nipo kwenye kamati. Nikajaribu kuinuka, nikaanguka tena, sketi imepanda nimeivuta, nikaamua basi, nikaenda kwa magoti na mikono kama mtoto mchanga. Wengine walidhani ni mimi mama yake, nimezidiwa na uchungu, nikasikia mwanamke mmoja analia kwa kunionea huruma. Na ng'ambo kule, kwenye mstari wa timu yetu, nikamwona Ian. Alikuwa ameinamisha kofia yake ya chuma chini kabisa.

Nikamfikia Josué, nikamshika pedi. "Sikiliza. Si kweli. Baba yako hakufa. Ni mimi nimekosea, nilisikia vibaya."

Macho yake yalikuwa yananitazama kutoka ndani ya kile chuma. Akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, "Umeongea naye?"

"Hapana."

"Basi unajuaje?"

Magoti yangu yalikuwa yamelowa.

Walitutoa, wakatuweka kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, Josué kwenye benchi na vifaa vyake vyote mwilini, mama yake kando yake, mimi nimesimama kama mtuhumiwa, mzee wangu ameshikilia mkoba wangu. Mama Josué akapiga simu. Ikaita mara moja, ikaingia kwenye ujumbe wa sauti. Akapiga tena. Ikawa vilevile. Josué akapiga kwa yake, nayo ikakatika hivyohivyo.

"Unajua telefone yake iliharibika," mama akamwambia mtoto, huku akifuta machozi na bado anabonyeza. "Nilikuambia. Kule anafanyaka kazi, telefone iliharibika. Si eti alikufa. Ni telefone."

Kocha wao akapiga kwa yake, hakuna kitu (baadaye tulijua kwamba hata namba ya kocha baba huyo aliifahamu, ni ya shule ya hoki). Ikapita muda. Vijana wengine walikuwa wanapita na mabegi, wananyamaza wakitufikia. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, nikiona aibu kwa ombi lenyewe, maana nilikuwa naomba mtu nisiyemjua awe hai ili mimi nipone.

Mzee wangu, ambaye hupenda kutafuta suluhisho la kila kitu, akasema kwa upole, "Labda tujaribu na simu yenye namba ya hapa."

Nikaiandika ile namba kwenye simu yangu, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Ilifaa niiweke sikioni kwanza. Sikufikiri.

Ikaita. Mara ya pili ikapokelewa.

"Allô?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, aliyeshiba, nyuma yake televisheni inatangaza mpira na mtu anacheka. "Allô? Ni nani?"

Mama Josué akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mimi nikajikaza nikauliza, "Wewe ni Papa Josué?"

"Nani anauliza?"

Nikamnyooshea Josué simu. Aliishika ndani ya ile glavu kubwa, akaitazama tu. "Allô? Allô?" baba yake anaita. Mtoto akasikiliza mpaka akatosheka, akavua glavu kwa meno, akabonyeza kukata mwenyewe. Kisha akamgeukia mama yake, na yule kijana aliyekuwa akijibu Kifaransa wiki nzima akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa:

"Mama, telefone yake iko muzima."

Sisi sote pale korido tulielewa mara moja: simu ilipokelewa kwa namba ya mgeni, zao mbili hazikupokelewa. Mama yule alikuwa amejenga ukuta kwa mwaka mzima, kwa mikono yake, neno kwa neno, ili mtoto asione upande wa pili, na mimi nimekuja na wema wangu nikaubomoa kwa siku moja.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alisema tu, bila kuniangalia, "Mama Ian, weye ulitaka kunisaidia. Ninajua. Lakini sasa nitamwambia nini?"

Mzee Walter alikuja na medali ya kipa nyota, akaomba msamaha mara nyingi, kana kwamba kosa ni lake. Josué akamwambia apewe kipa wa Uswidi. Pekka, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema hapana, akasema mchezo ni mchezo, kwamba mashuti aliyoyazuia ni mashuti. Kijana akatikisa kichwa. "Mlinipa kwa sababu ya baba yangu," akasema. "Simtaki kwenye kitu changu chochote." Wakaiweka kwenye benchi. Baadaye, tukiwa tumebaki sisi wawili, Mzee Walter aliniambia kwa ile sauti yake laini kwamba kura zikiwa sawa, mwenyekiti ndiye anayeamua, na yeye alikuwa ameshaamua kwa Josué hata kabla sijasimama. Nadhani alitaka kunifariji. Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka Ian alipokuja kugonga mlango.

Nyumbani nilikuwa nimepika pilau ya kuagana, sufuria nzima, na kuku. Mama Josué alishuka chumbani, akakunja shuka zetu vizuri (mpaka zile alizokuwa hajalalia), akapanda na begi lake. Kocha alikuwa amempatia chumba kule kwenye timu, karibu na mtoto. Nikamwambia ale kidogo tu, barabara ni ndefu. Akashukuru. Akamshukuru na mzee wangu, akambariki Ian kwa kumwekea mkono kichwani, mtu aliyelelewa, hata kwa hasira yake hakuondoka bila kuaga nyumba. Mimi akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Mzee wangu akampeleka.

Ian alibaki mezani na mimi, tukiangalia ile pilau. Nilingoja aniambie kwa Kiingereza chake kwamba nimemwaibisha, nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Mum, did you ever ask him? Josué?" Nikasema hapana, mama yake alinikataza nisimuulize. Akafikiri. "So you told everybody else," akasema, yaani wengine wote ndio niliowaambia, na hakusema kwa ubaya, na akaenda kulala.

Video ilizunguka, kama mnavyojua, kanisani waliiona wote, nikiwa kwa magoti na sketi, na kuna wiki nilisali nikiwa nyumbani kupitia simu. Hilo lilipita. Watu huchoka kucheka. Lililobaki ni kwamba nimemwandikia Mama Josué ujumbe mara nyingi, mrefu, mfupi, wa Biblia, wa kawaida, na nikaufuta kila mara, kwa sababu kila nikiusoma naona ni ujumbe wa mtu anayetaka kusamehewa ili alale vizuri, na sidhani nina haki ya kumbebesha mzigo mwingine.

Kwa hiyo ninyi rafiki zangu, sikilizeni. Mtu akikupa uchungu wake jikoni, amekupa wewe, jikoni. Usiubebe uende nao mahali pa kutafutia ushindi, hata kama ushindi ni wa mtoto wake, na kama hukuelewa neno, uliza, uonekane huna adabu, ni afadhali mara mia. Mimi kwenye kamati sitakaa tena, wala ya hoki, wala ya harusi, wala ya kanisa. Timu ile ya Kanada inakuja tena majira haya ya baridi. Ian ameniambia juzi tukiwa kwenye gari, macho yake dirishani. Sikumuuliza kama kipa ni yuleyule. Nilifika kazini nikaomba zamu zote za wiki hiyo, na msimamizi wangu akashangaa, akaniambia, "Lakini si ndiyo wiki ya mashindano ya mwanao?" Nikasema ndiyo, nikachukua glavu, nikaingia kumgeuza mgonjwa wangu wa kwanza.